Kisanduku Kisicho na Wekundu

Marta alianza kuogopa pale binti yake alipotamka neno kifuniko.

Mpaka hapo mazungumzo yalikuwa matamu. Tuntufye alikuwa amewasili asubuhi ile kutoka chuo kikuu, akapiga goti kumwamkia mama yake, akala usipa, vile vidagaa vya ziwani, kwa wali wa Kyela mpaka akalegeza kanga kiunoni, na sasa walikuwa wameketi uani, milima mgongoni na ziwa miguuni, mama akisugua tumbo la chungu kibichi kwa kokoto ili king'ae. Mwana alikuwa akieleza kazi yake, na mama akiitikia jinsi wazazi wanavyoitikia mambo ya shule: mdomo unasema ndiyo, moyo unafurahi tu kwamba mtoto yupo na amenenepa kidogo.

"Nataka unifinyangie kisanduku, mama," Tuntufye alisema. "Kidogo, cha kuenea kwenye viganja. Uchukue ule udongo mweupe wa kule juu mlimani, ambao ninyi wafinyanzi hamuugusi. Uchanganye na pumba za mpunga, nyingi, ili zikiungua kibaki chepesi chenye vitundu vitundu. Usikipake udongo mwekundu hata chembe. Na kiwe na kifuniko."

Kokoto ikasimama mkononi mwa Marta.

Asiyezaliwa katika ukoo ule wa wafinyanzi atasema sanduku ni sanduku, na wekundu ni urembo wa kumvutia mteja wa Matema siku ya gulio. Aseme. Marta alifunzwa vingine na mama yake, naye alifunzwa na wake. Chombo kikitoka mkononi mwa mwanamke bila wekundu kimetoka uchi, na kitu kilicho uchi kina mwenyewe. Mwenyewe ni kaburi. Kichanga kikifa kabla hakijapewa jina, ndicho kinachofinyangiwa chombo cha udongo mweupe, kisichosuguliwa wala kupakwa, chenye kifuniko, kikalazwa humo na kufukiwa nyuma ya nyumba penye migomba. Ndiyo maana udongo ule haukuguswa. Watoto waliambiwa hauna nguvu, wakaamini, wakakua.

Marta aliwahi kufinyanga chombo cha namna hiyo. Mama mkwe wake alisimama mlangoni kuhakikisha anakifinyanga kwa mikono yake mwenyewe, maana ndivyo ilivyotakiwa, na alipomaliza akaambiwa asilie kwa sauti. Tuntufye alizaliwa baadaye, akakua akijua kwamba yeye ndiye kifungua mimba, na hakuna aliyemsahihisha.

"Bila wekundu kitakuwa kibaya," Marta alisema.

"Si cha kuuza," mwana akacheka. "Ule wekundu ni chuma, mama. Kwenye jiko langu chuma ni adui."

"Jiko gani hilo?"

Tuntufye akasogeza kigoda. Alikuwa mwalimu tangu utotoni, yule. Alikuwa akifundisha hata mbuzi. "Unakumbuka redio ya baba ilipofunguliwa, ukaona kidonge cha kahawia chenye miguu miwili? Kile ni kapasita. Na ndani yake ni chungu kama hiki chako, ila si udongo wa ziwani, ni unga wa kutengenezwa. Kinaweka umeme kidogo kama chungu kinavyoweka maji. Sasa unga ule ili ushikane unataka joto kushinda moto wowote uliowahi kuuwasha. Tanuri la chuo linapasha nje kwanza, joto liingie ndani polepole, linakula umeme kutwa nzima, na kwa mgao huu wa umeme linakatwa kabla halijafika. Mimi nachoma kwa mawimbi. Mawimbi yanapenya ndani ya kitu chenyewe, kinapata moto kuanzia tumboni kuja nje. Kazi ya siku nzima inakwisha wakati wewe hujamaliza kuchemsha chai."

"Kuanzia tumboni," Marta alirudia.

"Ndiyo."

"Na mawimbi hayo yanaonekana?"

"Hayaonekani. Yamefungiwa ndani ya bati, mama, hayatoki."

Kitu kisichoonekana, kinachounguza tumbo kwanza, na cha kukifungia ndani yake ni kisanduku cheupe chenye kifuniko. Angemwambiaje? Mchungaji alikwisha kuyakemea hayo madhabahuni, akayaita mambo ya giza, na Marta mwenyewe, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, aliitikia amina kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma. Na mtoto huyu wa kisomi angemcheka. Tena asingemcheka kwa ubaya, angemcheka kwa upendo, akamshika bega na kumweleza upya kuhusu chuma.

"Nitakufinyangia," akasema.

Alipanda mlimani peke yake, akachimba udongo ule bila kuutazama sana. Alipoukanda pamoja na pumba ulimkwaruza vidole. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa mtu aliyefinyanga mitungi ya kujaza mtumbwi, lakini kila alipoinua ukuta wa kisanduku ukuta ulilala upande, akaanza tena. Tuntufye alikuwa hapo hapo uani akiandaa vidonge vyake vya unga ulioshindiliwa, anaimba, hana habari. Kila alipoinama Marta aliona kisogo chake, jinsi shingo ilivyo nyembamba, na hofu ikampanda upya kama homa ya mchana.

Mwana alipokwenda kuoga ziwani, Marta alifanya haraka. Alichovya kidole katika kibuyu cha udongo mwekundu akakipitisha upande wa ndani wa kifuniko: mstari mmoja wa kwenda chini, mwingine wa kukatisha. Akachora msalaba, ili mchungaji naye asikose sehemu yake. Akaupaka mara ya pili, ukawa mnene. Kisha akakoroga uji wa udongo mweupe akaufunika juu yake, mpaka kifuniko kikawa cheupe pe kama alivyoagizwa. Kinga ni bora kuliko tiba, alijiambia. Chuma kidogo namna ile kitamdhuru nani? Kaburi litaona kisanduku kina mwenyewe mwingine, litapita.

Walikichoma pamoja na vyungu vingine kwa nyasi na magome, kikatoka salama, chepesi kama kiota. Tuntufye alikigongagonga kwa ukucha akisikiliza, akamkumbatia mama yake kwa furaha. "Ndaga fijo, mama," alisema, kwa lugha ya nyumbani, na Marta akaona haya kushukuriwa.

"Ukienda Kyela nami nakwenda," alijibu.

Jiko lenyewe la mawimbi, maikrowevu, lilikuwa la Mansuri. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mjini Kyela, babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Biashara ilipofunguliwa, watu wakaruhusiwa kuleta wanachotaka, Mansuri alitaka kila kitu. Alileta chupa za chai, redio za Uchina, viatu vya plastiki, na katika mzigo mmoja wa Dubai akaleta jiko moja la maikrowevu ambalo watu walikuja kulitazama wakidhani ni televisheni inayogoma kusema. Hakuna aliyelinunua. Tuntufye alipoliulizia, Mansuri alimpa jiko, akampa na stoo ya nyuma yenye umeme, kwa matumaini kwamba siku moja kapasita za redio zitatengenezwa Kyela na duka la kwanza kuziuza litakuwa lake. Kuota ni bure, na Mansuri hakukosa kitu cha bure.

"Shikamoo, mama Tuntufye," aliwapokea mlangoni. "Karibu uone maajabu ya mwanao. Mimi siingii. Nina watoto wachache, na mawimbi hayo nasikia yanakula uzazi wa wanaume."

"Ni uvumi, kaka Mansuri," Tuntufye alisema.

"Inawezekana. Lakini nitausikilizia hapa dukani."

Maneno yale ya mzaha yalimwingia Marta kama maji ya baridi. Mwanamume mzima, mwenye mali, anaogopa chombo chake mwenyewe.

Stoo ilinuka mpunga na sabuni. Tuntufye alivaa miwani myeusi ya mafundi wa kuchomelea. Akapanga vidonge vyake ndani ya kisanduku cheupe, akavizungushia vipande vya jiwe la kunolea alivyookota gereji, huku akieleza bila kuombwa: unga ukiwa baridi haujui kuyala mawimbi, kwa hiyo jiwe linayala kwanza na kuupa joto, na unga ukishapata joto unajifunza kula wenyewe. Lililobaki ni kisanduku kutoyala kabisa, kiyaache yapite, kishike joto tu lisitoke. Marta alisikiliza sehemu ile ya mwisho mara moja tu, lakini ilimkaa kichwani. Kisanduku kisiyale kabisa.

Alitaka kusema. Mdomo aliufungua kweli. Lakini Tuntufye alikuwa amekwisha kufunika kifuniko, anatabasamu, na kusema pale kulikuwa sawa na kumvua mtoto kinga yake mlangoni pa hatari. Akaufumba.

Jiko likaanza kuguruma kwa sauti ndogo ya nyuki. Marta alikuwa amesimama penye mlango wa stoo, mgongo ukutani, mikono yake yote miwili tumboni bila kujua. Kwa kitambo hakuna kilichotokea, na hilo lilitisha kuliko kutokea. Moto wa nyumbani unauona ukishika nyasi, unausikia, unajua ule upande wenye upepo. Huu ulikuwa umekaa kimya ndani ya sanduku jeupe la bati, na mtoto wake ameinama mbele yake, uso karibu na kioo, anachungulia.

"Kinaanza," Tuntufye alisema. "Njoo uone, mama."

Hakutaka, akaenda. Nyuma ya kioo chenye matundu madogo kisanduku kilikuwa kinawaka kwa ndani, wekundu wa jioni, halafu rangi ya papai lililoiva. Marta alikuwa amechoma vyungu maisha yake yote na rangi za moto alizijua kama nyuso za wajukuu wa jirani. Hii ilikuwa inapanda bila kupumzika.

"Haraka," mwana alisema kwa furaha. Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti nyingine: "Haraka mno."

Hapo ndipo Marta alipoona. Juu ya kifuniko, kupitia udongo wenyewe, mistari miwili ilikuwa inang'aa kuliko sehemu nyingine zote, mmoja wa kwenda chini, mmoja wa kukatisha. Msalaba wake. Ulikuwa mweupe kwa moto, unakaza mwanga kila alipoutazama, na Marta akajua pale pale, bila kuelezwa na msomi yeyote, kwamba wekundu ule ndio unaokula.

"Zima," alisema. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Zima, Tuntu."

"Subiri kidogo, mama, usiogope, kuna kitu..."

Kifuniko kikazama katikati. Udongo ukalainika, ukawa kama asali, tone moja refu likaning'inia, likadondokea sahani ya kioo iliyokuwa chini. Mwanga wa buluu ukapiga ndani ya jiko. Tuntufye alizima, akanyakua koleo. Miwani ilikuwa imejaa ukungu wa jasho, akaisukuma juu ya paji la uso ili aone vizuri, akafungua mlango kuokoa vidonge vyake. Upepo wa stoo ukaingia. Sahani ilipasuka kwa mlio mmoja.

Marta hakukumbuka baadaye kama alipiga kelele. Alichokumbuka ni mwanawe ameketi sakafuni, kiganja juu ya jicho la kulia, damu inapita kati ya vidole, anasema kwa utulivu wa ajabu, "Chomoa waya, mama, usiguse kingine." Aliyechomoa ni Mansuri. Yule aliyeapa kutoingia aliingia akikimbia, akapiga teke gunia lililoanza kushika moto, akararua kanga mpya kutoka rafu ya duka akamfunga Tuntufye kichwa, huku midomo yake ikisoma dua bila kusimama. Wakampakia katika gari lake. Njia nzima Marta alishika mkono wa mwanawe, na kila gari lilipoingia shimoni alihisi jicho lile likimwagika, ingawa hakuliona.

Hospitalini kipande cha kioo kilitolewa, jicho likafungwa. Daktari alisema huenda litaona na huenda lisione. Bandeji ikitolewa watajua. Huenda. Neno hilo Marta alilala nalo mkekani chini ya kitanda cha mwanawe, akaamka nalo, akalipeleka bombani kuchota maji na kurudi nalo. Alikuwa ametaka kulidanganya kaburi. Na kama kaburi halikudanganyika? Kama lilikuwa limeonja tu, linasubiri? Na wazo jingine, baya zaidi, lilimjia mchana kweupe: kwamba hakukuwa na kaburi lolote lililotaka kitu, na mkono uliomtupia mtoto kioo usoni ulikuwa wake yeye, kidole hiki hapa, chenye wekundu chini ya kucha.

Bandeji ilipotolewa jicho liliona. Liliona kwa ukungu kwanza, kisha vizuri, na kovu likabaki kwenye kope. Marta alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi akamshukuru Mungu, na alipoinuka alikuta hofu iko pale pale. Ilikuwa imehama tu. Sasa aliogopa kuulizwa.

Hakuulizwa. Hilo ndilo lililomshangaza. Walirudi kijijini, Tuntufye akakaa uani akitazama ziwa, na alipofungua mdomo alijilaumu mwenyewe.

"Udongo wetu haufai," alisema. "Niliupima vibaya. Una chuma nisichokiona, au pumba zimeacha kitu, sijui. Kwa vyovyote hesabu zangu zilikuwa mbovu, na mtu mwenye hesabu mbovu hapaswi kukaa karibu na mawimbi yale. Ningeweza kukuua wewe, mama. Ulikuwa umesimama pale."

Marta alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Kuna sekondari upande wa Makwale inatafuta mwalimu wa fizikia," mwana aliendelea. "Nitaichukua. Chuoni watampa mwingine nafasi yangu. Mansuri achukue jiko lake awapashie watu chapati."

Nani asiyemjua mama? Moyo wa Marta uliruka kwa furaha mpaka ungo ukacheza mikononi. Mwalimu, Makwale, karibu, mzima, macho mawili. Chaki haijawahi kupasuka ikamtoa mtu jicho. Angeolewa, angelima kakao kidogo, angekuja sikukuu na watoto. Na gharama yake ilikuwa nini? Kunyamaza tu. Kazi hiyo Marta aliifanya miaka yote aliyoishi na mama mkwe wake, hakushindwa.

Mansuri alikuja kumjulia hali mgonjwa, ameshika mfuko wa plastiki. Alimkuta Marta peke yake ufukweni akiosha vyungu.

"Vipande vya kile kisanduku," alisema. "Nilitaka kuvitupa, nikasema hapana, mwenye kazi huenda akataka kuvitazama. Kifuniko kimeyeyuka kwa namna ya ajabu, mama. Kina mstari mweusi umekatana na mwingine, kama kimechorwa." Alimnyooshea mfuko. "Lakini mimi muuza viatu, najua nini. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Marta alimtazama Mansuri usoni kutafuta kama anajua, akaona uso mpole wa mtu mwenye wasiwasi juu ya binti wa mwenzake, basi. Akapokea mfuko, akamwambia Mungu akubariki baba, na Mansuri alipopanda nyumbani kumwona mgonjwa, Marta aliingia majini mpaka kiunoni, akatupa kipande kimoja kimoja mbali kadiri mkono ulivyoweza. Udongo ule mwepesi haukuzama haraka. Ulielea, ukazungukazunguka mbele yake, na alisimama pale akiutazama kwa hofu mpaka ulipokunywa maji ya kutosha.

Baada ya hapo ungetegemea apumzike. Hakupumzika. Tuntufye aliacha kuimba. Halafu aliacha kufundisha, yeye ambaye angemfundisha hata mbuzi. Jirani akimuuliza kwa nini redio yake inakoroma alijibu sijui. Chakula alikisogeza sahanini kutoka upande huu kwenda upande ule. Alilala mchana, amejifunika shuka mpaka kichwani, amekunja magoti, na siku moja Marta alipoingia ndani kuchukua kata akamkuta amelala hivyo, shuka jeupe limemfunika lote, mdogo kuliko alivyo, alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Alikuwa amemwona yule mwingine, wa penye migomba. Hofu aliyoipata pale ilizidi ile ya stoo, ilizidi hata ya wodini, kwa sababu huko alimwogopea mtoto asife, na hapa alikuwa hajafa, ni yeye mama yake aliyekuwa ameshika kifuniko.

Asubuhi ya kwenda Makwale kutoa jibu, Marta alimbebea mwanawe mfuko mpaka ufukweni. Mtumbwi wa kuvusha watu kwenda Matema, inakoanzia njia ya Makwale, ulikuwa tayari, mwenye mtumbwi akipanga mitungi ya watu ndani ya nyasi. Marta alishusha mfuko mchangani.

"Kifuniko kilikuwa na wekundu," alisema.

Tuntufye aligeuka.

"Niliupaka ndani. Msalaba, mara mbili, nikaufunika kwa udongo mweupe usiuone. Uliwaka kabla ya kila kitu. Niliuona nikashindwa kusema. Vipande Mansuri alivileta, nikavitupa ziwani." Aliyasema yote kwa pumzi moja, maana alijua akisimama hataendelea. "Hesabu zako hazikuwa na kosa, mwanangu."

Mwana aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi. Alitazama mikono ya mama yake. Kovu la kope lilikuwa jekundu kwa jua.

"Ulikuwa mnene kiasi gani? Wekundu ule," akauliza. "Unene kama wa ukucha?"

"Kama wa ukucha."

"Basi ndiyo." Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha uso wake ukabadilika. "Nilikukataza, mama. Nilikuambia hata chembe. Ningepofuka. Kwa nini?"

Marta akamweleza. Alimweleza udongo mweupe ni wa nani, na chombo chenye kifuniko ni cha nini, na nani alisimama mlangoni siku ile ya kwanza. Alisema, "Kuna mwenzako aliyekutangulia. Nilimfinyangia mimi. Ulipoomba kingine kama kile, niliona nakufinyangia wewe."

Mwenye mtumbwi alisafisha koo kuonyesha kwamba yupo na anangoja.

"Na hospitalini kwa nini hukuniambia?" Tuntufye aliuliza taratibu. "Uliniacha nijione mjinga muda wote huu."

"Kwa sababu ungerudi kule kwenye mawimbi."

"Nitarudi."

"Najua."

"Sasa mbona umesema?"

Marta alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kwa sababu nimeona nakuzika mzima," alisema. "Ninaogopa, Tuntu. Hata sasa ninaogopa, nikikufikiria umeinama pale mbele ya kile kioo natamani nikufunge kamba. Lakini ukilala ndani vile naogopa zaidi."

Tuntufye alimfanyia mwenye mtumbwi ishara aende zake. Mtumbwi ukasukumwa, mitungi ikagongana kidogo, ukaondoka. Mama na mwana wakabaki mchangani na mfuko wao. Tuntufye alikuwa analia na hakuwa na hasira tena, au hasira ilikuwepo na alikuwa ameamua kuishughulikia baadaye.

"Nitahitaji kisanduku kingine," alisema. "Kitupu kabisa. Utaweza?"

"Nitaweza. Na siku hiyo nitakaa nawe ndani, miwani usiivue, na nikisema zima unazima."

"Nitazima."

Wakapanda kuelekea nyumbani. Katikati ya njia Tuntufye akasimama.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," Marta alisema. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kisha akaenda kutafuta jembe, maana udongo mweupe huchimbwa kabla jua halijawa kali.